Aliyeifuata Sauti ya Mama Asteria

Harufu ya udongo mbichi ilianzia ghorofani, na hilo peke yake lilitosha kumshtua mtu mwenye akili. Kilikuwa kiangazi, Geita nzima inakohoa vumbi, na ofisi ya Wakili Edward Ngassa ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi la Hozefa, mbali na bustani na mbali na kisima. Lakini Loveness, karani wa ofisi, alipofungua mlango asubuhi ile alikutana na harufu ya ardhi iliyochimbwa sasa hivi. Juu ya vigae vyeupe palikuwa na nyayo za mtu asiye na viatu, za tope jekundu, zikitoka kwenye ngazi mpaka mbele ya kompyuta kubwa. Nyayo za kurudi hazikuwapo.

Wakili mwenyewe alifika jua likiwa limeshapanda, maana kuwahi kazini ni mambo ya watu wadogo. Aliziangalia nyayo, akaviangalia viatu vyake vinavyong'aa, akatoa hukumu.

"Huyo mfagiaji wako nitamfukuza."

"Mfagiaji hajaja tangu juzi, bosi. Anaumwa."

"Basi piga deki wewe. Au na wewe unaumwa?"

Huyo ndiye Edward Ngassa. Mtu wa kuvaa suti nzito kwenye jua la Geita, jasho likimchuruzika mpaka kwenye kola, mradi aonekane. Wazee waliompa mkono aliwapa ncha za vidole. Wateja waliotoka vijijini aliwaongelesha kwa sauti kubwa, kana kwamba ushamba ni uziwi. Kesi alizowahi kushinda alizitaja kila siku, na hazikumchukua muda kuzimaliza.

Jana yake alikuwa amewaalika mawakili wenzake kadhaa, pamoja na Hozefa mwenye jengo, waje waone mfumo wake mpya wa kuendeshea mashauri. Ulikuwa mfumo wa kawaida tu, wa kupangia majalada, tarehe za mahakama na vielelezo, lakini Ngassa aliuongelea utadhani ameubuni yeye. Alitaka waone jinsi unavyovuta mafaili kutoka kwenye folda ya pamoja mtandaoni na kuyaingiza ndani ya shauri linalohusika, bila mtu kunyanyua karatasi. Akachagua shauri la marehemu Adam.

Adam alikuwa mchimbaji. Duara alilokuwa akichimba, shimo refu nje ya Katoro, liliporomoka kwa ndani kwa sababu mwenye duara hakuweka matimba, zile nguzo za kuzuia udongo. Mwili wake haukupatikana. Mama yake, Asteria, na mjane wake, Paskazia, wakafungua shauri. Ili ushahidi usipotee, Loveness aliiunganisha simu ya Mayala, mdogo wake Adam, na folda ya ofisi, ili kila picha na video atakayopiga shimoni iingie humo papo hapo. Hiyo ilikuwa amri ya Wakili.

Sasa, siku ileile ya maonyesho, familia ilikuwa imekwenda shimoni kwa jambo lao. Katika ukoo wa Adam, mtu akifia mahali ambapo mwili hautoki, mama aliyemzaa huenda pale akamwita kwa jina na kumwambia wanakwenda nyumbani. Akishamwita hanyamazi nusu, ananyamaza kabisa. Anaanza safari bila neno, bila kugeuka nyuma, bila kupita kwa mtu, mpaka aingie kwake na mlango ufungwe. Marehemu haoni njia, anaifuata sauti aliyoisikia mwisho, kwa hiyo hakuna mwingine anayeruhusiwa kumwita mpaka afike. Mama Asteria alikuwa mgonjwa wa moyo na alishasema wazi kwamba hataki kuzikwa kijijini kwao Samuye kabla mwanawe hajarudi Samuye. Kwake shauri la mahakamani lilikuwa jambo la pili.

Paskazia alikuwa amempigia Loveness asubuhi.

"Dada Loveness, leo tunamchukua mume wangu, baba Wiliam. Mayala anapiga video ili ndugu walio mbali nao waone, na najua itaingia huko kwenu. Nakuomba msiifungue mpaka nikwambie tumefika. Hata kidogo, dada."

Loveness alimweleza bosi wake, mbele ya wageni, kwa sauti ya chini.

"Waambie hii ni ofisi ya sheria, siyo kilinge," Wakili akasema kwa sauti ya juu.

Fundi aliyeuleta mfumo alikuwa amemfundisha kuchagua faili mojamoja, kuacha yasiyohusu shauri. Kuchagua ni kazi ya makarani. Wakili akabonyeza kuingiza yote. Mafaili yakashuka yakijipanga, picha za shimo, picha za kamba zilizokatika, na la mwisho likawa video ya asubuhi ileile. Akaifungulia kwenye spika ya mikutano. Sauti ya Mama Asteria ikajaa chumba kizima, nyembamba na yenye mikwaruzo.

"Adam, ng'wanone, tujage kaya. Mwanangu, twende nyumbani. Njoo huku kwenye sauti yangu."

Wakili aliirudia. Akairudia tena, safari hii akimuigiza yule mama, amejipinda mgongo na kushika kiuno. Mawakili wenzake wakacheka, kwa sababu waliahidiwa nyama choma baadaye. Hozefa hakucheka. Alishuka dukani kwake, akafukiza ubani mchana kweupe, akawaambia wateja wasubiri nje.

Na wakati huo wote gari la familia lilikuwa barabarani, limejaa watu waliofumba midomo.

Jioni Paskazia alipiga simu. Alikuwa akinong'ona.

"Hajafika."

"Unajuaje?" Loveness akauliza.

"Mama amekaa mlangoni, hataki kula. Anasema alimhisi mtu nyuma yake mpaka tulipokuwa tunaiacha Katoro, halafu pakawa patupu. Dada, niambie ukweli. Mliifungua?"

Loveness alisema ukweli. Upande wa pili hakuna aliyemtukana, na hilo lilimuumiza zaidi.

Baada ya zile nyayo ikaja sauti ya kugonga. Tindo na nyundo, polepole, kwa mapigo ya mtu anayejua kazi. Hozefa alipanda ngazi akiwa amekunja uso.

"Bwana wakili, nani anavunja sakafu huku juu? Vumbi linaanguka kwenye mizani yangu."

"Ni huko kwako chini wanakogonga," Wakili akamjibu. "Nami nilikuwa nakuja kulalamika."

Walitazamana. Ukigonga kitu ambacho aliye juu anakisikia chini na aliye chini anakisikia juu, basi uko katikati, ndani ya zege lenyewe, na hapo hapana nafasi hata ya mjusi. Hozefa alilijua hilo, aliuza saruji miaka yote. Wakili alisema ni mabomba.

Kisha umeme ulikatika mchana mmoja, kompyuta zikazimika, feni ikaacha kuzunguka, na katika ukimya ule Loveness alisikia mtu akipumua kwa shida upande wa pili wa ukuta, pumzi fupi za mtu aliyebanwa kifua, zikisogea kando ya ukuta mpaka nyuma ya kiti chake, harufu ya udongo ikimjia pamoja na harufu nyingine iliyokuwa chini yake, harufu ya shaba na ya maji yaliyolala gizani muda mrefu, na halafu sauti ya kiume, yenye upole na uchovu, ikauliza karibu kabisa na sikio lake, "Mama, uko wapi?" na kabla hajaweza hata kufumba macho, kutoka kona ya mbali ya chumba sauti nyingine ikayarudia maneno yaleyale, polepole, kama mtoto anayefundishwa kusoma.

"Bosi, umesikia?"

"Redio ya Hozefa."

"Umeme umekatika, bosi."

"Basi ni ya betri!" Wakili akafoka, na sauti yake ikamsaliti, ikapanda juu kama ya kijana anayebalehe. Alichukua koti akaondoka kwenda kunywa soda. Loveness naye aliiacha ofisi, akaketi dukani kwa Hozefa.

Familia ilikuja Geita mara tu Loveness alipowasimulia. Waliambatana na mganga kutoka Katoro, mwanamke mfupi aitwaye Mbuke, aliyeshuka kwenye bodaboda akiwa bado anatafuna karanga. Hakuvaa ngozi wala shanga. Alivua ndala mlangoni, akanusa, akaacha kutafuna.

"Waliokuja ni wawili," alisema kwa sauti ya chini. "Mmoja ni wenu. Mwingine ni mwenye shimo."

"Jini," alisema Hozefa kutoka kwenye ngazi, hataki kusogea.

"Ndiyo, jini. Lilishamfanya Adam mtu wake. Mama alipomwita, nalo likamfuata. Adam angefika kwao, mlango ukafungwa, lenyewe lingebaki nje na kurudi lilikotoka. Lakini sauti mliipigia hapa, nao wakaja hapa, mahali ambapo mlango uko wazi kutwa nzima. Sasa linajifunza kusema kama yeye."

Paskazia alijiziba mdomo kwa khanga. Mbuke akamgeukia Wakili.

"Ile sauti ifutwe. Kwenye mashine, kwenye simu, popote ilipo. Mama atamwita upya kutokea hapa, na isibaki sauti nyingine ya kumwita."

"Kielelezo hakifutwi kwa amri ya mganga wa kienyeji," Wakili akasema. "Mimi ni ofisa wa mahakama."

Hapo Mama Asteria, mwanamke ambaye angeweza kumzaa, alipiga magoti kwenye vigae. Alimshika ncha ya suruali.

"Baba, nakuomba. Sikudai kitu kingine. Kama ni shauri, liache. Nipe mwanangu nimpeleke kwao."

Mtu yeyote mwenye haya angemnyanyua. Ngassa alirudi nyuma hatua moja ili suruali isichafuke, akaangalia dirishani, kisha akaketi na kufuta. Alifuta kwenye mfumo, akafuta kwenye folda, Mayala naye akafuta kwenye simu yake.

"Simu yako, mheshimiwa?" Loveness akauliza.

"Haimo. Naapa."

Aliapa uongo bila kupepesa jicho. Video ilikuwamo simuni mwake tangu siku ile ya maonyesho. Alikuwa ameshapanga jinsi atakavyoifungulia mahakamani, kilio cha yule mama kikimfanyia kazi ambayo hoja zake zisingeweza, na yeye amesimama pembeni na leso mkononi. Mama aliyekuwa bado magotini mbele yake hakumbadilisha nia hata kidogo.

Mama Asteria alimwita mwanawe. Hakupaza sauti. Alisema kama anayemwamsha mtoto asichelewe shule, na chumba kizima kilisikia mtu akivuta pumzi moja ndefu. Kisha akageuka, akashuka ngazi, familia nyuma yake, kimya. Mbuke alibaki nyuma kidogo kumnong'oneza Loveness.

"Lile jini bado liko hapa. Adam akiingia kwao na mlango ukafungwa, litakuwa halina mtu, litaondoka lenyewe likiachwa. Lisichokozwe. Ukisikia kitu kinaitika, usijibu. Inuka uondoke, usitazame nyuma."

Alasiri ilienda taratibu. Hakuna aliyegonga ndani ya zege. Jua lilikuwa linaelekea kuzama Paskazia alipopiga simu, na safari hii hakunong'ona, alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja.

"Amefika! Dada, amefika! Mama alifunga mlango akasema 'huyu hapa', akalala usingizi palepale kwenye mkeka. Hajalala hivyo tangu msiba."

Loveness alilia. Alilia kwa furaha waziwazi, kichwa kwenye meza. Wakili alimtazama kwa dharau, akatoa simu mfukoni.

"Mnajua kujidanganya. Eti isibaki sauti nyingine! Hii hapa, nilikuwa nayo mfukoni muda wote, na huyo Adam wenu amefika vilevile. Unaona upumbavu wenu?"

"Bosi, usiifungue."

Akaifungua. Sauti nyembamba ikatoka, Adam, ng'wanone, tujage kaya, na kutoka chini ya ngazi mtu akaitika.

"Naam, mama."

Adam alikuwa Samuye, nyuma ya mlango uliofungwa. Loveness aliinuka, akashika pochi yake, akatembea kuelekea mlangoni, akazishuka zile ngazi akiwa amebana ukutani kwa sababu kulikuwa na kitu kinapanda, kitu kipana chenye baridi ya chini ya ardhi ambacho kilimpita kwa adabu kama watu wanavyopishana kwenye ngazi nyembamba, kikiangusha punje za udongo begani mwake, na hakugeuka, hakugeuka hata aliposikia juu yake sauti ya bosi wake, ileile aliyoizoea, ya mtu asiyeweza kunyamaza hata kwa faida yake mwenyewe.

"Nani huyo? Pita. Mlango uko wazi."

Hozefa ndiye aliyemwona akitoka. Wakili alikuwa anatembea na suti yake, tope likiwa limempanda mpaka magotini, macho ameyakodoa mbele. Hozefa alimuuliza anakwenda wapi. Alijibu kwamba anaitwa. Aliliacha gari lake palepale, akapanda bodaboda, yeye ambaye alikuwa akisema bodaboda ni za walala hoi. Wachimbaji wa Katoro walimwona akilisogelea lile duara, wakampigia kelele, wakadhani ni mlevi. Alishuka kwa kamba, na suti na tai. Udongo ulimfuata kabla giza halijaingia.

Mwili haukupatikana. Wanasheria wenzake waliandika maneno mazito ya rambirambi kwenye kundi lao la simu, kisha wakagawana wateja wake. Lakini wachimbaji walikataa kufanya kazi karibu na pale, wakisema mtu analalamika chini, anadai aonyeshwe mwenye mamlaka. Wakaja kumwona Mbuke. Mbuke akasema aitwe na aliyemzaa.

Hapo ndipo Loveness alipojua kwamba bosi wake alikuwa na mama. Alikuwa Chato, kando ya ziwa, anaanika dagaa. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono imekakamaa kwa chumvi, na aliposikia habari hakupiga kelele. Aliuliza tu njia ya kwenda.

Alimwita pale shimoni.

"Edward, mwanangu. Twende nyumbani."

"Naam, mama," kikajibu kitu kutoka chini, kwa sauti ya Edward, mara moja.

Alitembea mpaka kwenye gari bila neno. Loveness alimsindikiza njia nzima mpaka Chato, naye amefumba mdomo, akiangalia mbele. Waliingia nyumbani, mlango ukafungwa kwa komeo. Majirani waliokuwa wakisubiri ndani walianza kulia na kushukuru. Mama yake Edward hakulia. Alibaki amesimama katikati ya chumba, uso ameuelekeza ukutani, na Loveness alipomsogelea aliona midomo yake imekauka.

"Amefika, mama?" Loveness akamuuliza.

"Kuna mtu ameingia." Alisema kwa sauti ndogo sana, majirani wasisikie. "Nilimsikia nyuma yangu tangu shimoni. Nikipunguza mwendo, anapunguza. Nilipojikwaa pale kwenye gari alisema 'pole, mama'."

"Basi ni yeye."

Mama akatikisa kichwa. Aliutafuta mkono wa Loveness, akaubana mpaka ukauma.

"Binti yangu, mimi ndiye niliyemlea. Tangu ajue kutembea, Edward hajawahi kunifuata, na sijawahi kumwita mara moja akaitika. Huyu ana adabu. Fungua huo mlango."